Wahunzi wa kale wa milima ya Zagros na Waluri wa leo: ni watu wale wale?

#1 Kamba ya Katani

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita nilikuwa London kikazi, nikapata nusu siku ya bure, nikaingia British Museum. Upande wa Iran ya kale nikakuta kitu cha bronzi kisichozidi kiganja changu. Mtu mwembamba amesimama katikati, macho ya mviringo yamemtoka, mikono yake miwili imewakaba shingoni wanyama wawili wanaomwinukia kushoto na kulia. Shingo za wale wanyama zimepinda kama mkono wa birika. Kibao kilisema Luristan, kati ya miaka 1000 na 650 KK. Niliondoka, nikarudi kukitazama, nikaondoka, nikarudi tena.

Tangu siku hiyo nasoma. Luristan ni nchi ya Waluri, katika milima ya Zagros, magharibi mwa Iran. Waluri bado wapo, ni mamilioni ya watu, wana lugha yao na mavazi yao. Hoja yangu ni kwamba Waluri wa leo ndio wajukuu wa mafundi wale. Waashuri wamepita, Waajemi wamepita, Waarabu na Wamongolia wamepita, lakini hao wote walipita bondeni. Mlimani watu hubaki. Anayepinga aje na hoja.

#2 Nyuki Mkali

Natandika mkeka hapa. Mchonga Mwamba akiuona uzi huu leo hatulali.

#3 Mchonga Mwamba

Nimeuona, Nyuki.

Kamba, uzi mzuri, ila umekimbia mno. Kwanza elewa vitu hivyo vilifikaje London. Mwishoni mwa miaka ya 1920 bronzi za Luristan zilianza kumwagika kwenye maduka ya vitu vya kale. Wanavijiji walikuwa wanafukua makaburi na kuwauzia wachuuzi, wachuuzi wanapeleka Tehran, Paris, London, New York. Hakuna aliyeandika kaburi lipi, mfupa wa nani, chungu gani kilikuwa kando. Kwa hiyo maelfu ya vipande viko kwenye makabati ya dunia na havina kwao.

Ndiyo maana kila mtaalamu alikuja na kabila lake. Mfaransa André Godard alisema ni Wakassi, wale walioshuka kutoka milimani wakatawala Babeli hadi karibu 1155 KK. Roman Ghirshman akasema ni Wasimeri, wapanda farasi kutoka kaskazini, kwa sababu ya zile lijamu za farasi zenye vipande vya mashavuni vilivyochongwa wanyama. Wengine wakasema Wamedi, watu wengine wa Iran ya kale.

Waliochimba kwa utaratibu ni wachache. Erich Schmidt alichimba Surkh Dum mwaka 1938 akakuta hekalu ambalo watu walichomeka pini na vitu vidogo vya bronzi hadi ndani ya kuta, kama nadhiri. Louis Vanden Berghe, Mbelgiji, alichimba makaburi ya Pusht-e Kuh kuanzia 1965 hadi 1979. Baada ya hapo wengi wameegemea kwamba mafundi walikuwa wenyeji wa milima ile ile, si wageni waliopita.

Hapo utashangilia. Usishangilie. Kiluri cha leo ni lugha ya jamii ya Kiirani, ndugu wa karibu sana wa Kiajemi, na lugha hiyo haikuwa ya wenyeji wa mwanzo wa Zagros. Kwa hiyo hata kama damu ilibaki, lugha iliingia. Sasa wewe unahesabu ujukuu kwa damu au kwa ulimi?

#4 Kamba ya Katani

Mchonga, asante. Nahesabu kwa mlima.

#5 Nyuki Mkali

Hahaha, kajibu.

#6 Dirisha la Mbao

Salaam wakuu. Nimesoma Iran miaka minne, na Luristan nimefika mara tatu, kwa hiyo niongeze kidogo.

Kwanza Kamba, usichanganye mkoa na nchi. Mkoa unaoitwa Lorestan, mji mkuu Khorramabad, ni kipande tu. Waluri wapo pia Ilam, Khuzestan, Hamadan, Fars, halafu kuna Wabakhtiari wa Chaharmahal na watu wa Kohgiluyeh na Boyer-Ahmad, nao ni Waluri. Wazee wa zamani waligawa nchi hii mara mbili: Luri Mkubwa kusini, Luri Mdogo kaskazini. Huo Luri Mdogo nao uligawanyika kwa mlima Kabir Kuh: upande mmoja Pish-e Kuh, yaani mbele ya mlima, upande wa pili Pusht-e Kuh, nyuma ya mlima. Zile sehemu alizochimba Mbelgiji wa Mchonga ndiyo Ilam ya leo.

Safari yangu ya kwanza nilipanda treni hadi Dorud, nikabadilisha ya kienyeji inayoteremka kuelekea Andimeshk. Reli hiyo ilijengwa kati ya 1927 na 1938, na kipande hicho kinapita kwenye makorongo ambako vijiji vingine havina barabara kabisa. Mtu anapanda na mbuzi, gunia la unga, mtoto mgongoni, anashuka kwenye kituo ambacho huoni nyumba hata moja. Unajiuliza anakwenda wapi. Kisha unaona moshi juu, juu kabisa.

Nilialikwa kwenye hema la familia moja karibu na Oshtorankuh. Hema ni jeusi, la singa za mbuzi zilizofumwa na wanawake wenyewe. Jua likiwaka unaona vitobo, mwanga unaingia kama nyota. Mvua ikianza, nywele zinavimba, vitobo vinajifunga. Nilikaa humo mvua inapiga saa nzima, sikudondokewa na tone.

#7 Kengele ya Ng'ombe

Mkuu Dirisha, hapo kwenye hema umenigusa. Mimi ni mtoto wa wafugaji, niambie: wanahama au wametulia? Wanafuga nini hasa?

#8 Mzizi wa Mkoko

Kabla hatujafika kwa mbuzi, mtu anijibu hili. Mimi niliambiwa Waluri ni Wakurdi tu wa kusini. Mbona mnawaandika kama taifa jingine?

#9 Mchonga Mwamba

Mzizi, aliyekuambia hakutunga. Sharaf Khan wa Bitlis, aliyeandika historia ya Wakurdi mwaka 1597, aliwagawa Wakurdi mafungu manne na Waluri akawaweka humo. Lakini ukichukua lugha, Kiluri kiko upande wa Kiajemi. Katikati yao kuna Walaki, ambao lugha yao iko karibu zaidi na Kikurdi, na wengi wao wanaishi Luristan na kujiita Waluri. Mpaka haupo pale unapoutafuta.

Na kuna Wafaili wa Pusht-e Kuh ambao wengi walihamia Baghdad. Saddam alipowafukuza kwa maelfu kuanzia 1980 hakuuliza ni Wakurdi au Waluri.

Kuhusu jina lenyewe, kuna maelezo matatu. Hamdallah Mustawfi, karne ya 14, anasema chimbuko ni mahali paitwapo Lur katika bonde la Manrud. Wanajiografia wa Kiarabu kabla yake wanataja mji wa al-Lur karibu na Dezful. Na kuna wanaosema ni neno la Kiluri chenyewe, "lir", kilima chenye msitu.

#10 Kamba ya Katani

Nachukua la tatu! Kilima chenye msitu. Si nilisema nahesabu kwa mlima?

#11 Mchonga Mwamba

Kamba, wewe unachagua maelezo kama mtu anachagua papai sokoni. La mji wa al-Lur ndilo lenye maandishi ya zamani zaidi.

#12 Dirisha la Mbao

Mchonga, na mji nao ulipata wapi jina? Huenda kilima kilianza.

Sasa nimjibu Kengele. Zamani wengi walikuwa wa kuhama, leo wengi wametulia mijini na vijijini, ila wahamaji bado wapo, hasa Wabakhtiari. Wanafuga kondoo na mbuzi, nyumbu na punda wa kubebea. Majira ya baridi wanashuka nyanda za joto za Khuzestan, majira ya kuchipua wanapanda kuvuka Zard Kuh, mlima wa zaidi ya mita 4,200, hadi malisho ya Chaharmahal. Safari inaitwa kuch. Mwaka 1924 Wamarekani waliokwenda na kamera waliwapiga picha watu wakivuka mto Karun kwa vyelezo vya ngozi za mbuzi zilizopulizwa hewa, kisha wakipanda theluji ya Zard Kuh, wengine pekupeku. Siku hizi kuna madaraja, na wengi wanasafirisha mifugo kwa lori.

Maziwa wanayasuka kwenye kiriba cha ngozi ya mbuzi kilichoning'inizwa kwenye miti mitatu iliyofungwa juu. Mama mwenye hema alikuwa anasuka huku anaimba, anasukuma na kuvuta, mdundo wa maziwa ndani ya ngozi unafuatana na wimbo. Siagi ikitoka, kinachobaki ni mtindi mwembamba wenye chumvi na majani makavu ya mnanaa. Nilikunywa bakuli tatu.

Chakula kilichonishangaza zaidi ni mkate wa mwaloni. Milima yote ile ni misitu ya mialoni. Wanaokota kokwa zake, wanazimenya, wanazitwanga, wanaziweka kwenye kikapu mtoni siku kadhaa ili maji yaondoe ukakasi, kisha wanakausha, wanasaga, wanaoka. Wabakhtiari wanauita kalg. Rangi yake ni nyeusi kama udongo wa mfinyanzi, mzito mkononi, na mwishoni unabaki na uchungu kidogo kwenye ulimi. Mzee wa pale aliniambia kuna miaka ya njaa ambayo mkate huo peke yake ndio uliowavusha.

#13 Pweza wa Kusini

Assalaam alaykum. Miye wa Unguja. Mnazungumza Uajemi mpaka sasa hamjaitaja Shirazi? Sisi wazee wetu wametoka Shiraz. Tuna Mwaka Kogwa, Makunduchi, ambao asili yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Tuna zumari, na nimesoma Waluri wana zumari na ngoma kila harusi. Lugha imejaa maneno yao: bandari, serikali, pamba. Sasa niambieni, hao Washirazi waliokuja hawakuwa Waluri? Maana Karim Khan Zand aliyeijenga Shiraz, nasikia alikuwa mtu wa milima hiyo.

#14 Mchonga Mwamba

Wa alaykum salaam Pweza. Karim Khan ni kweli, Wazand walikuwa ukoo wa milima hiyo, wengine wanawaita Waluri, wengine Walaki. Lakini alitawala kuanzia 1751 hadi 1779. Kilwa ilikuwa na masultani wa Kishirazi karne nyingi kabla babu yake hajazaliwa. Huwezi kumpandisha jahazini.

Uajemi kwenye damu ya pwani upo, hilo halibishaniwi tena. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2023 kwenye mifupa ya watu 80, kutoka Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingine, ulikuta wageni wengi walikuwa wanaume wenye asili ya Uajemi, wamechanganyika na wanawake wa Kiafrika kuanzia kama mwaka 1000. Ila vinasaba havisemi huyu Mluri, huyu wa Siraf, bandari ya kale ya Ghuba. Na wasafiri wa bahari ni watu wa pwani ya Ghuba, si wachunga mbuzi wa Zard Kuh.

Zumari ni neno la Kiarabu. Wao wanaita sorna, ngoma wanaita dohol. Kifaa ni ndugu, jina si moja.

#15 Pweza wa Kusini

Shukran. Na Nairuzi je? Mbona wao Machi sisi Julai?

#16 Mchonga Mwamba

Kwa sababu Nairuzi ya mabaharia wa pwani ilihesabiwa siku 365 kavu, bila kuongeza siku kila miaka minne. Kila miaka minne inateleza siku moja. Zidisha kwa karne, utaona ilivyohama kutoka Machi.

#17 Fundi wa Marikebu

Wakuu, mnatafuta kiungo cha Waluri na Waswahili na hamkioni, nacho kimelala waziwazi. Ni Ibn Battuta!

Mtu yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani wa Kilwa kwa ukarimu, ndiye aliyepita nchi ya Waluri Wakubwa akafika Idhaj, ambayo leo ni Izeh, makao ya atabegi, yaani mtawala wao. Siku alizofika mtoto wa atabegi alikuwa amefariki. Anaeleza alivyokuta wakubwa wa nchi wamevaa magunia ya pamba mbichi yaliyoshonwa vibaya, wamejimwagia vumbi na makapi vichwani, wengine wamekata nywele za mbele. Alishtuka, akasema hajaona msiba kama ule. Baadaye akaingia kwa atabegi Afrasiyab akamkuta na vikombe viwili vyenye vifuniko, kimoja cha dhahabu kimoja cha fedha, na akajua amelewa. Akamwambia usoni kwamba hana dosari nyingine ila hiyo.

Na sikilizeni hili, Dirisha hasa: anasema kwenye milima ile kuna mialoni na watu wanatengeneza mkate kwa unga wa kokwa zake.

#18 Dirisha la Mbao

Subhanallah. Miaka mia saba karibu. Nimeula mkate ule ule aliouona mtu aliyekanyaga Kilwa. Fundi, hili limenifurahisha kuliko kitu chochote wiki hii.

Na vumbi la kichwani bado lipo. Siku ya Ashura Khorramabad, alfajiri, watu wanachanganya udongo na maji ya waridi kwenye mabeseni makubwa, wanaingia mzima mzima, nguo na kichwa, kisha wanajikausha kwenye mioto ya kuni barabarani. Nilisimama pale baridi inauma, mvulana wa miaka kama kumi na miwili amepakwa hadi kope, anatetemeka kando ya moto huku babu yake anamgeuza kama samaki wa kuchoma. Kwenye misiba mikubwa ya ukoo wana desturi iitwayo chamar: sorna na dohol zinapiga maombolezo, farasi wa marehemu analetwa na mavazi ya huzuni. Na wanawake zamani walikata nywele wakazitundika kaburini.

#19 Mzizi wa Mkoko

Fundi, mwaka wa Idhaj ni upi? Nimeona wanaandika 1327.

#20 Fundi wa Marikebu

Safari ya kwanza ni 1327. Ila kuna tatizo: huyo Afrasiyab alianza kutawala baadaye. Wanaopekua safari zake wanasema alirudi njia hiyo 1347, na alipokuja kusimulia nyumbani akaunganisha safari mbili. Kwa hiyo mlevi huenda alimwona baada ya Kilwa, si kabla. Wengine wanabaki na 1327.

#21 Kamba ya Katani

Mnaona sasa? Mkate wa miaka mia saba, vumbi la miaka mia saba. Kama vitu hivyo vimekaa miaka mia saba, kwa nini visikae elfu tatu? Nasimamia hoja yangu.

#22 Mchonga Mwamba

Mwaloni ukiwapo, njaa ikiwapo, kila atakayekuja atajifunza kuula. Mkate unarithisha mlima, si ukoo. Mgeni wa leo ukimweka pale miaka hamsini naye atasaga kokwa.

#23 Nyuki Mkali

Mchonga, kwa maneno hayo umemsaidia Kamba. Alisema anahesabu kwa mlima tangu post ya nne.

#24 Bomba la Kusini

Nimefanya kazi ya ufundi bomba Ghuba miaka tisa, na fundi mkuu wetu alikuwa Mbakhtiari. Kila tukinywa chai alisema "mafuta yenu yote yalianzia kwetu." Nilidhani ni majivuno hadi nilipofuatilia.

Ni kweli. Tarehe 26 Mei 1908 mafuta yaliruka Masjed Soleyman, katikati ya nchi ya Wabakhtiari. Ndiyo ugunduzi mkubwa wa kwanza wa mafuta Mashariki ya Kati. Waingereza walikuwa na mkataba wa D'Arcy wa kutafuta mafuta, wa 1901, uliosainiwa Tehran, lakini walipofika mlimani wakakuta saini ya Tehran haimlindi mtu wala punda. Ikabidi mwaka 1905 wakae chini na makhan, yaani machifu wa Kibakhtiari: pauni 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya walinzi, na asilimia tatu ya hisa. Mwaka uliofuata baada ya kuvumbua, 1909, ikaundwa Anglo-Persian Oil Company.

Yule fundi alikuwa na uchungu wake. Alisema asilimia tatu ilikwenda kwa makhan, babu yake aliyelinda bomba na bunduki hakuona shilingi. Alikuwa akisema hivyo anakunja mkono wa ovaroli hadi kwenye kiwiko na kuukunjua tena, kila mara.

#25 Chungu cha Pili

Kaka zangu habari. Post ishirini na nne na mwanamke aliyetajwa ni mmoja tu, anasuka maziwa. Niwasaidie.

Julai 1909 Wabakhtiari wakiongozwa na Sardar Asad walishuka kutoka Isfahan, wakaungana na wapiganaji wa Gilan, wakaiteka Tehran na kuirudisha katiba. Dada yake, Bibi Maryam Bakhtiari, inasimuliwa kwamba siku ile alikuwa juu ya paa na bunduki mkononi. Aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, na humo analalamika jinsi wanawake wa ukoo wake walivyoozwa bila kuulizwa. Malkia Soraya, mke wa pili wa Mohammad Reza, Shah wa mwisho wa Iran, aliyeolewa 1951 na kuachwa 1958 kwa kukosa mtoto, alitoka ukoo huo huo.

Na kuna desturi inaitwa khun-bas, kufunga damu. Koo mbili zikiuana, wazee wanakaa, na upande wa muuaji wanatoa binti aolewe upande wa marehemu ili kisasi kiishe. Nimesoma watu wakiisifu kama hekima. Mimi siisifu. Huyo binti hakuua mtu. Analala kila usiku kwenye nyumba inayomkumbuka marehemu kila wakimtazama.

#26 Kengele ya Ng'ombe

Dada Chungu, hapo nakubishia kwa heshima. Bila mapatano watakufa ishirini, na wajane watakuwa ishirini. Hata kwetu wazee walikuwa na njia zao za kufunga damu, kwa ng'ombe.

#27 Chungu cha Pili

Kaka Kengele, umesema mwenyewe: kwa ng'ombe.

#28 Dirisha la Mbao

Dada Chungu ana haki. Siku hizi mara nyingi mapatano ni ya fedha, ardhi na watu kushika Qur'ani, binti haingii. Lakini nilikutana na bibi mmoja aliyeolewa hivyo. Aliambiwa nitamsalimia kwa Kiajemi, akanipa mkono akasema "mimi ndiye amani." Sikujua niseme nini.

Wanawake wapo pia makaburini. Kwa Wabakhtiari, shujaa alichongewa simba wa mawe juu ya kaburi, ubavuni upanga au bunduki. Kwenye makaburi ya zamani ya Waluri nimeona jiwe la mwanamke limechongwa kitana, mkasi na vifaa vya kufumia. Ukipita unajua hapa amelala nani bila kusoma.

#29 Mzizi wa Mkoko

Na zile Haft Lang na Chahar Lang za Wabakhtiari, saba na nne, ni nini?

#30 Mchonga Mwamba

Lang ni mguu. Maelezo ya kwanza: kodi ilihesabiwa kwa miguu ya farasi, kundi moja walitozwa sehemu saba, la pili nne. Ya pili: babu mmoja alikuwa na wake wawili, mmoja wana saba, mwingine wana wanne. Watoza kodi wanapenda la kwanza, wazee wanapenda la pili.

#31 Bomba la Kusini

Fundi wangu alikuwa Chahar Lang na alisema kodi ilikuwa ndogo kwao kwa sababu walikuwa wachache wakali. Hiyo ni ya tatu.

#32 Fundi wa Marikebu

Kabla hatujasahau, Kamba alisema mlimani watu hubaki. Wasingeachwa wabaki. Shah Abbas, mfalme wa Uajemi, alimaliza atabegi wa mwisho wa Luri Mdogo, Shahverdi Khan, mwaka 1597 au 98. Miaka ya 1920 Reza Shah, baba wa yule Shah wa Soraya, alituma jeshi Luristan, viongozi wakanyongwa, kisha wahamaji wakazuiwa kuhama na kulazimishwa kukaa kwenye nyumba. Mifugo ilikufa kwa wingi maana ilibaki joto la bondeni. Alipong'olewa 1941, maelfu walitoka kwenye zile nyumba wakarudi kwenye hema.

#33 Dirisha la Mbao

Na hadi leo mjini wanachekwa. Tehran na Isfahan utani wa "Mluri mjinga" unausikia hadi darasani. Nilikuwa na mwenzangu wa chumba kutoka Aligudarz, anajua mashairi ya Shahnameh, utenzi wa wafalme wa Uajemi, kwa kichwa, kurasa na kurasa, babu yake aliyafundisha hemani bila kitabu. Mtu akianza utani ule alinyamaza tu, akawa anakunja mto wake na kuutandika upya.

Kinachonitisha sasa ni mialoni. Ukame, moto, wakata mkaa, na ugonjwa unaokausha mti kuanzia ndani hadi gome linakuwa jeusi. Mara ya tatu nilipokwenda, mteremko mzima juu ya lile hema ulikuwa wa kijivu.

#34 Kamba ya Katani

Hilo limenikata maini. Mchonga, swali langu la mwisho kwako: kile kitu cha London kilitumika kufanya nini?

#35 Mchonga Mwamba

Kina tundu katikati, kilipita kijiti au pini, kikasimamishwa juu ya chupa ya bronzi. Wengine wanasema ni sanamu ya mungu wa nyumbani, wengine ni mlinzi wa kaburi. Kilitengenezwa kwa nta: fundi anachonga umbo kwa nta, anafunika kwa udongo, anachoma, nta inatoka, anamimina bronzi, anavunja udongo. Ndiyo maana hupati viwili vinavyofanana kabisa.

#36 Nyuki Mkali

Nta ya nani? Nyuki tulikuwepo tangu zamani.

#37 Kengele ya Ng'ombe

Mkuu Dirisha, nimesubiri kwa adabu tangu post ya kumi na mbili. Kile kiriba, ngozi wanailainisha kwa kitu gani? Kwetu tunatumia maganda ya mgunga.

#38 Dirisha la Mbao

Kwa mwaloni huo huo, mkuu. Kati ya ganda gumu na kokwa kuna ngozi nyembamba ya kahawia, wanaiita jaft. Wanaichemsha, maji yanakuwa mekundu kama chai ya rangi, ngozi inalowekwa humo siku kadhaa, inageuzwageuzwa kwa mikono. Ikitoka ni laini na haiozi kwa maziwa.

#39 Kengele ya Ng'ombe

Basi ni ile ile. Mgunga nao maji yake mekundu. Wiki ijayo nakwenda nyumbani, nitapiga picha kiriba cha bibi nikiweke hapa, uniambie shingo wanaifungaje wao.